Unaenda maonyesho ya sanaa au shoo ya mitindo Dar kwa mara ya kwanza? Anzia hapa

Kila nikiposti picha nikiwa kwenye maonyesho, inboksi inajaa maswali yaleyale. Dada pale wanaingia watu gani, kiingilio shingapi, nivae nini, nikienda peke yangu haitakuwa noma, lazima ninunue kitu? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kuandika, sasa naweka yote sehemu moja, ukisoma mpaka mwisho utakuwa na pa kuanzia.

Swali la kwanza nalijibu hapahapa kabla hata ya hatua: wanaingia watu kama wewe. Nasema hivyo kwa sababu na mimi siku ya kwanza nilifika mpaka getini Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni B, nikaona watu wamesimama na glasi mkononi wanacheka nikasema hapa sio pangu, nikamwambia dereva wa bajaji geuza. Nilirudi baada ya mwezi, nikaingia, hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala nafanya kazi gani. Ule mwezi mmoja ndo nisingependa na wewe uupoteze.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Simu yenye chaji na bando, na pawabenki kama unayo
- Hela taslimu ndogondogo. Wengi wana lipa namba lakini mtandao ukigoma, na unapenda kugoma siku ya watu wengi, anayeuza maji getini hana chenji ya elfu kumi
- Kitambulisho. Vituo vya utamaduni vya nchi za nje wana walinzi na wanakagua mabegi, usibebe begi kubwa bila sababu
- Viatu vya kutembelea. Sehemu nyingi ni uwanja wa mchanga au kokoto, kisigino kirefu kinazama
- Dawa ya mbu ya kupaka. Mambo mengi yanafanyika nje na yanaanza jua likizama
- Mtandio au khanga moja, inafaa kwa upepo, kwa kukalia chini, na kwa mvua ya ghafla

Bajeti: kwa siku ya kawaida elfu ishirini inatosha nauli, kinywaji na kitu cha kula. Ufunguzi wa maonyesho ya picha mara nyingi ni bure. Kiingilio huwa kipo kukiwa na bendi au shoo ya mavazi.

Hatua ya 1: Jua nini kinafanyika na lini

Usisubiri mtu akwambie. Fuata kurasa za sehemu zenyewe, sio za madalali wa matamasha. Kwa Dar anza na hizi: Nafasi Art Space (ipo tangu 2008, wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena, na wana siku yao ya wazi inaitwa Chap Chap ambayo kwa mgeni ni nzuri sana), Alliance Française na Goethe-Institut (vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani) ambao wote wako Upanga, Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni pale Mtaa wa Shaaban Robert, na Kijiji cha Makumbusho njia ya Bagamoyo, kwenye nyumba za asili za makabila. Kwa mitindo kuna Swahili Fashion Week, aliianzisha Mustafa Hassanali mwaka 2008 na kawaida huwa mwishoni mwa mwaka, fuatilia ukurasa wao kuanzia Oktoba hivi.

Ukiona bango, kagua vitu viwili. Kwanza mwaka. Mabango ya zamani yanazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anatuma bango la "Jumamosi hii" kumbe ni Jumamosi ya miaka miwili iliyopita. Pili saa, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu limeshanikuta. Bango liliandikwa "Saa 7:00" basi, bila mchana wala usiku. Nikafika saa saba mchana, jua la Januari linawaka, nikakuta vijana wawili wanafunga nyaya za spika. Shoo ilikuwa saa moja usiku, aliyetengeneza bango alichukua 7:00 ya kizungu akaibandikia neno saa. Kama bango halisemi mchana au usiku, tuma meseji uulize. Usione aibu, wanaulizwa kila siku.

Hatua ya 2: Chagua la kuanzia

Usianze na shoo kubwa ya mitindo. Najua ndo inayovutia, taa, jukwaa, mamodo, lakini pale unakaa kwenye kiti gizani, unaangalia, unaondoka, hujaongea na mtu. Anza na ufunguzi wa maonyesho ya picha au siku ya wazi ya studio. Pale msanii mwenyewe yupo, kazi ziko ukutani, unazunguka kwa mwendo wako, ukichoka unaondoka na hakuna anayekuangalia.

Kama unachotafuta ni singeli, spoken wedi (mashairi ya kughani jukwaani) au usiku wa mashairi na hip hop, nenda kwanza kwenye ile inayofanyika ndani ya kituo cha utamaduni. Singeli imezaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na mitaa ya hivyo, na kule ndo tamu yake ilipo kwa kweli, ila kule nenda na mwenyeji. Sio kwamba watu wabaya, hapana, ni vile usiku na umati na kasi ya ule muziki mgeni anachanganyikiwa, hajui atokee wapi. Mwenyeji atakuonyesha pa kusimama.

Hatua ya 3: Nguo

Hapa ndo maswali yanapojaa kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hamna sare. Nimeona mtu kavaa suti, pembeni yake kijana kavaa kanzu na raba, na dada kavaa khanga mbili kafunga kama gauni la bega moja na alipendeza kuliko wote pale. Wanaojua mitindo wanaangalia kama nguo imekukaa na kama wewe mwenyewe uko huru ndani yake, bei hawaiangalii. Kwa hiyo una njia tatu.

*Kabatini.* Nguo yako safi, iliyopigwa pasi, inayokukaa vizuri. Inatosha kabisa, wengi wanakuja hivyo.

*Mitumba.* Nenda soko la Karume asubuhi, siku wanayofungua belo uliza wauzaji wenyewe watakwambia. Kabla hujalipa igeuze nguo nje ndani. Angalia kwapa, kola, zipu mpaka mwisho, na katikati ya mapaja kama ni suruali. Inyanyue juu uone mwanga, matundu ya nondo yanaonekana hivyo tu. Jaribu juu ya nguo ulizovaa kwa hiyo vaa kitu cha kubana siku hiyo. Ukifika nyumbani loweka, fua, anika juani, piga pasi ya moto. Jaketi la kiume kubwa ukilipeleka kwa fundi akapunguza mabega na mikono unapata kitu ambacho hakuna mwingine anacho mji mzima.

*Kushona.* Kitenge au khanga, Kariakoo, mtaa wa Uhuru kuna maduka mfululizo. Khanga inauzwa doti, yaani vipande viwili, na kabla hujanunua soma jina lake, lile neno lililoandikwa chini, maana utalivaa mgongoni mbele za watu. Kitenge kwa shati yadi mbili na nusu mpaka tatu, gauni refu lenye mzunguko nunua yadi sita ubaki na kipande cha kilemba. Loweka kitambaa usiku mzima kabla hujampelekea fundi. Kitenge cha pamba kinasinyaa, na rangi kama inachuja bora ichujie kwenye beseni kuliko kwenye kwapa lako ukumbini. Fundi mpe tarehe ya wiki moja kabla ya siku yako, umpe na picha, mbele na nyuma. Karibu na Idi na mwezi Desemba mafundi wanazidiwa, peleka mapema zaidi.

Kosa la kawaida: kuvaa nguo mpya kabisa ambayo hujawahi kukaa nayo chini. Ikae mwilini nyumbani saa moja, kaa, inama, nyanyua mikono.

Hatua ya 4: Panga kurudi kabla ya kwenda

Kwenda ni rahisi. Ukitoka Kimara au Ubungo panda mwendokasi mpaka mjini, kutoka Mwenge kuna daladala za Posta zinazopita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi zinakushusha karibu na Upanga. Nafasi iko Mikocheni B barabara ya Eyasi, ndani ndani eneo la viwanda, shuka barabara kubwa umalizie na bajaji, kutembea mchana unaweza ila usiku sikushauri.

Kurudi ndo kazi. Daladala zinapungua usiku na bei za bodaboda zinapanda watu wakitoka kwa pamoja. Tenga hela ya kurudi, iweke mfuko mwingine, usiiguse hata uone pete nzuri ya shaba namna gani. Chukua namba ya bajaji aliyekuleta kama amekupeleka vizuri, mwambie saa ya kukufuata. Mwambie mtu mmoja nyumbani uko wapi. Dada zangu hili mnalijua, nalirudia tu.

Hatua ya 5: Ukifika

1. Salimia getini, lipa au jiandikishe kwenye daftari kama lipo. Andika namba yako ukitaka kupewa taarifa za mbeleni, ni njia nzuri kuliko mitandao.
2. Zunguka mara moja yote bila kutoa simu. Angalia tu. Usisome karatasi za ukutani kwanza.
3. Zunguka mara ya pili, sasa soma. Simama kwenye kazi mbili au tatu zilizokushika. Sio lazima uzipende zote, na sio lazima uelewe. Kama kuna moja imekukera simama na hiyo pia.
4. Tafuta mwenye kazi.

Hiyo ya nne watu wanaiogopa. Wanadhani lazima uwe na maneno ya kisomi. Muulize vitu vya mikono: hii umetumia rangi gani, ilikuchukua muda gani, ulianzia wapi, kona hii au hii? Hakuna msanii anayekataa kujibu hivyo. Swali la "hii inamaanisha nini" liache la mwisho, wengi linawachosha.

Kama ungependa kujizoeza kuongea na wasanii sehemu isiyo na presha, nenda kwa wachoraji wa Tingatinga, pale barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, mchana wowote wa kazi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968, alitumia mbao za silingibodi na rangi za kupakia baiskeli, alifariki 1972 na waliomfuata bado wanachora kwa staili ile. Mimi hupenda kukaa kwenye kibenchi niangalie. Kuna siku nilikaa na mzee mmoja anamalizia kanga, yule ndege, ubao kaupakata mapajani, anachovya brashi iliyobaki nywele chache anagusa doa, doa, doa, kila doa jeupe lina mkia mdogo upande mmoja kwa sababu anainua mkono kwa pembeni. Nikamuuliza mzee, unahesabu? Akasema hapana mwanangu, ndege akishiba naona. Nimeenda kuangalia kila picha ya kanga tangu siku ile, nikitafuta ile mikia midogo.

Hatua ya 6: Picha na simu

Omba. Kila mara. Kwa kazi ya sanaa, kwa mtu aliyependeza, kwa modo nyuma ya jukwaa. Ukiposti taja jina la msanii au mbunifu, hiyo ndo nauli yake ya kupata wateja. Kosa kubwa linalofanyika ni kupiga picha ya gauni la mbunifu mdogo halafu kumpelekea fundi wako "nishonee kama hili". Yule mbunifu alikaa na kitambaa kile wiki nzima akijaribu, akikosea, akifumua. Kama umelipenda muulize bei, au mwambie ana kipi cha bei ya chini, mara nyingi ana vitu vidogo, mkoba, hereni za vitambaa, skafu. Na flashi zima, inawaudhi watu na kwenye picha yenye kioo itatoka doa jeupe tu.

Hatua ya 7: Kununua, kama unataka

Hulazimiki. Ila ukitaka, jua uko wapi. Kwenye maonyesho bei iliyo kwenye karatasi huwa ndo bei, ukizidiwa omba kulipa kwa awamu, wengi wanakubali wakikuona unarudi. Kwenye vibanda vya vinyago Mwenge bei inaongeleka, na kuongea ni sehemu ya biashara, muanze kwa salamu sio kwa bei.

Vinyago: wakikwambia mpingo, geuza uangalie chini. Mpingo ni mzito, kipande kidogo tu unakisikia mkononi, na ukiutia majini unazama. Kuna mbao nyepesi hupakwa kiwi ya viatu ikaonekana nyeusi, sugua kwa kitambaa chenye unyevu sehemu ya chini, kama rangi inatoka basi. Mpingo wenyewe pembeni mara nyingi unaonyesha ule mti wa nje wa rangi ya maziwa.

Picha ya rangi ya mafuta: uliza imekauka? Sio ya kugusa kwa kidole tu, imekauka kweli? Ikiwa bado mbichi mwachie mpaka ikauke. Ya turubai ukiiviringisha, upande wenye rangi uwe nje, weka karatasi safi isiyo na maandishi, usitumie gazeti, wino unahamia kwenye picha.

Hatua ya 8: Rudi

Kwenda mara moja hujaenda bado. Mara ya pili mlinzi anakukumbuka, mara ya tatu msanii anakuita jina, mara ya nne unaulizwa kama unaweza kusaidia kupanga viti. Sema ndiyo. Kubeba viti, kupiga pasi nguo nyuma ya jukwaa, kushika pini za mbunifu wakati modo anabadilisha, huko ndo nilikojifunza vyote nilivyoandika hapa. Nyuma ya jukwaa kuna joto, dada ana pini tatu mdomoni anakwambia shika hapa, kaza, usipumue, halafu modo anatoka kwenye taa na watu wanapiga makofi kwa gauni ambalo sekunde kumi nyuma lilikuwa linashikwa na kidole chako.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika hakuna watu.* Vitu vingi vinachelewa kuanza, saa nzima ni kawaida. Tumia muda huo kuongea na wanaopanga, ndo wanakuwa wamechangamka. Ikipita saa moja na nusu kimya, uliza kama imeahirishwa.

*Mvua.* Kuanzia Machi mpaka Mei matamasha ya nje yanapungua au yanahamia ndani. Angalia ukurasa wao mchana wa siku hiyohiyo. Kama unapitia Jangwani na mvua imenyesha kweli, ahirisha tu, barabara inajaa maji utakwama.

*Wanaongea Kiingereza kitupu.* Inatokea, hasa Upanga na Masaki. Wewe anza Kiswahili kwa msanii, nakuhakikishia wengi wanashukuru, wamechoka kuelezea kazi za nyumbani kwao kwa lugha ya wageni. Nilishaona maongezi ya watu nane yakageuka kwa sababu ya dada mmoja aliyeuliza swali lake kwa Kiswahili.

*Niko peke yangu najisikia vibaya.* Simama karibu na chakula au karibu na kazi uliyoipenda, sio ukutani na simu. Mwambie wa pembeni yako "hii umeionaje?" Ukiona haijafunguka ondoka baada ya nusu saa, rudi siku nyingine.

*Mtu ananisumbua.* Nenda moja kwa moja kwa mlinzi au meza ya mapokezi, sema kwa sauti. Usivumilie kwa kuogopa kuharibu shughuli ya watu.

*Nimenunua tiketi kwa mtu mitandaoni inakataa getini.* Pole, hela hiyo mara nyingi hairudi. Siku nyingine lipa kwenye lipa namba yenye jina la sehemu husika, na jina likija tofauti kabla hujabonyeza namba ya siri, ghairi.

*Nyumbani hawaelewi, wanasema ni uhuni.* Mpeleke mama au baba kwanza Kijiji cha Makumbusho mchana wa wikendi kukiwa na ngoma, wakae mbele ya nyumba ya kabila lao kama ipo pale. Mimi baba yangu alisimama mlangoni akaanza kunielezea nyumba ya bibi yake ilivyokuwa, wapi mbuzi walilala, wapi palikuwa na moto. Baada ya hapo nikisema naenda maonyesho ananiuliza tu narudi saa ngapi.

*Nina mtoto mdogo.* Njoo naye mchana, siku za wazi za studio. Mbebee maji, karatasi na kalamu za rangi, mkalishe chini mbele ya picha aliyoichagua yeye, mwache achore.